Soko la kripto: kabla hujaweka mshiko, jaribu kuutoa



Siku hizi ukikaa kijiweni haipiti nusu saa bila mtu kuuliza, "Hivi Bitcoin ninunue wapi?" Na jibu huwa ni moja tu: nenda kule makato madogo. Mi nadhani tunaanzia mwisho. Swali la kwanza ni hili: hela yako ikishaingia, inatoka?

Tuanze na waliolizwa kabla yetu. Mt. Gox ya Tokyo ndiyo ilikuwa soko kubwa kuliko yote wakati wake. Februari 2014 ikafilisika, Bitcoin zipatazo 850,000 hazionekani. Kama 200,000 zikaja kupatikana baadaye, lakini wateja walianza kurudishiwa Bitcoin mwaka 2024. Miaka kumi jamani!

Canada kulikuwa na QuadrigaCX. Mwenye kampuni akafariki Desemba 2018 akiwa India, ikasemwa funguo zote alikuwa nazo yeye peke yake. Mamlaka ya masoko ya mitaji ya Ontario ilipochunguza, mwaka 2020 ikatoa jibu: ulikuwa utapeli, hela za wateja alishazichezea zamani.

Halafu FTX, Novemba 2022. Matangazo kila kona, mastaa wa michezo, jina hadi kwenye uwanja wa mpira wa kikapu Miami. Kumbe hela za wateja zilikuwa zinapelekwa kwenye kampuni nyingine ya bosi huyohuyo, Sam Bankman-Fried. Machi 2024 akala miaka 25 jela. Wateja walipopangiwa malipo, hesabu ilipigwa kwa bei za siku ya kufilisika, wakati Bitcoin moja ilikuwa chini ya dola 17,000. Desemba 2024 ilishavuka dola 100,000. Kwa hiyo aliyekuwa na Bitcoin moja mle "alilipwa", lakini hakurudishiwa Bitcoin yake.

Sasa linganisha na Bybit. Februari 2025 iliibiwa Ethereum za kama dola bilioni 1.5, wizi mkubwa kuliko wowote uliokuwa umejulikana kwenye kripto hadi siku hiyo. FBI ikasema ni kazi ya Korea Kaskazini. Lakini wateja waliotaka kutoa hela walitoa, na kampuni ikakopa na kununua Ethereum nyingine kuziba pengo. Sisemi mkimbilie Bybit. Ninachosema ni kwamba wizi unaweza kulikuta soko lolote. Tofauti ni kama kampuni ina hela zako kweli, au ina namba tu kwenye skrini.

Hapa ndipo wengi tunapotea. Ukimwachia mangi wa dukani laki moja akutunzie, ile noti si yako tena. Ulichonacho ni ahadi ya mangi. Akiwa mwaminifu utapata, akihama usiku imekula kwako. Sarafu unayoiona kwenye akaunti yako ya soko ni ahadi ya namna hiyohiyo. Inakuwa mikononi mwako pale tu unapoihamishia kwenye pochi yako mwenyewe, ambayo yale maneno 12 au 24 ya siri unayajua wewe tu. Na ukiyapoteza, hakuna wa kumpigia simu.

Baada ya FTX masoko mengi yalianza kutoa taarifa za kuonyesha akiba waliyonayo. Ni hatua nzuri, ila isome kwa akili. Mtu anaweza kukuonyesha kabati limejaa hela bila kukuonyesha daftari la madeni.

Tuje kwenye makato. Masoko mengi makubwa yanatoza kama asilimia 0.1 kwa kila biashara. Sasa wewe unanunua USDT kwa mtu, unamlipa kwa M-Pesa. Tuseme bei halisi ya dola ni shilingi 2,500. Muuzaji anakuuzia kwa 2,575, na siku unapotaka kuuza, mnunuzi anakupa 2,425. Dola 100 umezinunua kwa 257,500 na umeziuza kwa 242,500. Shilingi 15,000 zimeondoka, karibu asilimia 6, na bado hujafanya biashara yoyote! Yale makato ya asilimia 0.1 yaliyokuvuta kwenye tangazo ni shilingi 250 tu. Kwa hiyo ukilinganisha masoko mawili, angalia pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza kwa shilingi, na kama wauzaji ni wengi. Walipo wengi wanashindana, pengo linapungua.

Kwenye mtindo huo wa mtu kwa mtu, soko linazishikilia sarafu za muuzaji mpaka athibitishe amelipwa. Ulinzi huo unakuwepo mkibaki ndani ya soko. Akikwambia "njoo tumalizane WhatsApp nikupunguzie", kimbia. Na ukiwa wewe ndiye unauza, usiachie sarafu kwa kuona meseji tu, maana meseji zinaghushiwa. Angalia salio, na jina la aliyetuma lifanane na la unayefanya naye biashara. Hela ikitoka kwa mtu wa tatu inaweza kuwa ya wizi, na atakayefungiwa laini ni wewe.

Sheria je? Kenya ilipitisha sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali Oktoba 2025, na usimamizi ukapewa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kampuni inatakiwa iwe na leseni. Bongo, Benki Kuu ilitoa tahadhari Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia akaitaka benki hiyohiyo ijiandae. Mwaka 2024 ikaja kodi ya zuio ya asilimia 3. Yaani mkono wa kodi ulimfikia kijana kabla ya mkono wa kumlinda. Kampuni ikikupiga iko ng'ambo, utaanzia kituo gani cha polisi?

Kwa hiyo wadau, mimi ningefanya hivi. Weka kiasi kidogo, hata elfu ishirini. Nunua, kisha uza, toa mpaka ifike kwenye simu, uone imebaki ngapi na imechukua muda gani. Soko linalokwambia "lipia kwanza ndipo utoe" ni matapeli, hakuna mjadala. Linaloahidi faida kila siku, kumbuka DECI ya mwaka 2009. Ukituma USDT, hakikisha mtandao wa kutumia na wa kupokea ni mmoja, la sivyo inaweza kupotelea hewani. Na tafadhali, usifungue akaunti yako kwenye kompyuta ya kafe. Hujui nani aliikalia kabla yako na aliacha nini ndani.

Ada ya chuo usiiguse. Hela ya mtaji wa mama usiiguse.

Wewe unatumia soko gani, na mara ya mwisho kutoa hela ilichukua muda gani? Tiririka hapo chini, mwenzio ajifunze.