Matembezi ya musaada: miguu peke yake haitoshi



Siku ya posho iliyopita tulitembea sisi wote, wanafunzi pamoja na wazazi na wadogo wetu, kutoka ku masomo mpaka ku hospitali, kilometa 11. Munajua sababu yake: kule kuna wamama waliokwisha kuzaa, lakini hawaruhusiwi kurudi nyumbani kwa sababu walikosa feza ya kulipa. Kila mutembezi alikuwa na karatasi yake. Majirani, wajomba na mashangazi waliandika mule feza watakayotoa kwa kila kilometa.

Mbele ya kuenda, wengi mu klasi yetu walikataa. Walisema: « Kutembea ni musaada gani? Hapa kwetu kila mutu anatembea. Mama anaenda ku shamba na kurudi na muzigo ku mugongo, na hakuna anayemulipa hata faranga moja kwa kilometa. » Tena walikumbusha mwezi wa tano 2021, wakati volkano ya Nyiragongo ilipolipuka. Jamaa nyingi za Goma zilikimbia kwa miguu mpaka Sake, karibu kilometa 25, mutoto mukononi na godoro ku kichwa. Hakuna aliyewaandikia karatasi.

Sisi tunaona maneno hayo ni kweli. Lakini hayatuzuii kutembea, yanatufundisha namna ya kutembea. Mu Marekani, matembezi ya makanisa yanayoitwa CROP yalianza mwaka 1969, mu muji wa Bismarck, kusudi kusaidia wenye njaa. Wenyewe wanaeleza kwamba wanatembea kwa sababu maskini nao wanatembea, wakitafuta maji na chakula. Na sehemu ya feza, mpaka robo, inaweza kubaki kwa wenye njaa wa muji ule ule.

Jambo hilo la kwanza tuliliona kwa macho yetu ku mupando. Baba wa mumoja wetu, mwenye kuenda ku kazi na pikipiki kila siku, alisimama katikati, jasho likimutoka. Akauliza: « Kumbe mama yenu anapandaka hapa na bido ya maji? » Anakaa ku mutaa ule tangu miaka 15. Kama angebaki nyumbani na kutuma feza tu, hangeuliza ulizo lile. Ndiyo sababu tunasema matembezi haya yafanywe na jamaa nzima, si wanafunzi peke yao.

Mbele kidogo tulikutana na mama mumoja akishuka na mufuko wa makala. Akatuuliza: « Munaenda ku kilio ama ku harusi? » Tulipomueleza, alitua muzigo, akafungua fundo la kitenge, akatoa faranga 500. Akasema: « Hata mimi walinizuiaka pale, juma mbili. » Tulimusaidia kuinua mufuko na kurudisha kamba ku paji la uso, akaenda zake.

Feza ya mama yule iliingia siku ile ile. Lakini mpaka leo karatasi zetu nyingi ziko na majina tu, feza haiko. Tuliimba vizuri, tulipigwa picha, na wamama wangali ku vitanda vyao, deni ikiongezeka kila siku. Hawatatoka kwa sababu ya miguu yetu. Watatoka wakati ahadi zitakapolipwa.

Basi tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila mumoja arudie wale walioandika jina ku karatasi yake, hata kama ni mujomba mwenye kukasirika upesi. Pili, hesabu yote ibandikwe ku mulango wa biro ya prefe: feza iliyoingia, na deni zilizolipwa, kusudi wazazi wasiwe na mashaka. Tatu, mwaka kesho tuwaambie watu tangu mwanzo kwamba robo itabaki hapa, juu ya wenzetu wanaofukuzwa kwa kukosa minervali. Hao tunakaa nao ku banki moja, na siku wakifukuzwa wanatembea peke yao mpaka nyumbani.

Mwenye wazo ingine aandike, gazeti ni letu sisi wote. Sisi leo saa kumi tutapita nyumba kwa nyumba na karatasi zetu. Anayetaka kutufuata atukute ku mulango wa masomo.