Heshima si Utumwa, Nafasi si Uhuru

Katika mji wa Malindi, Kiitaliano kimekuwa lugha ya kazi kwa miaka mingi. Vijana wa hotelini na madukani hujifunza mapema namna ya kumuuliza mfanyakazi mwenza iwapo ana nafasi. Huenda somo hilo likaonekana dogo, ila lina funzo kwa wapenzi wa Kiswahili.

Mwitaliano humuuliza rika lake, "Sei libero?" Akimkabili mkubwa wake, kitenzi huhama kutoka nafsi ya pili hadi ya tatu: "È libera, dottoressa?" Akitaka kuzidisha adabu hutumia hali ya masharti: "Sarebbe disponibile giovedì?", yaani, je, angepatikana Alhamisi? Asiye na nafasi hujibu kuwa yeye ni "impegnato", neno lenye asili moja na "pegno", yaani rehani. Aliyeshikwa na kazi ni kama aliyewekwa rehani. Ndiposa asiye na shughuli akaitwa "libero", huru.

Kiswahili hakikujengwa juu ya taswira hiyo. Hata hivyo, swali "Uko huru saa nane?" linasikika katika ofisi zetu, tafsiri sisisi ya lugha za kigeni. Huru ni kinyume cha mtumwa na mfungwa. Mwenye muda ana nafasi, ana wasaa.

Wapo watakaodai kwamba lugha hukua na maneno hupanuka maana. Dai hilo lina mashiko. Lakini kinachopotea hapa si neno pekee. Kiitaliano hubeba heshima katika nafsi ya kitenzi. Kiswahili aghalabu huibeba katika mpangilio wa mazungumzo: hodi, salamu, samahani, kisha ombi. "Hodi, Mwalimu. Habari za asubuhi? Samahani, naomba kujua kama utapata wasaa Alhamisi." Anayetafsiri swali moja kwa moja huziacha ngazi hizo zote, na ombi lake huishia kusikika kama amri. Mzee anayeulizwa hivyo na karani kijana hukereka, wala karani hajui alikokosea.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Urasmi huo hautakamilika kwa istilahi za sheria na tarakilishi peke yake. Idara za Kiswahili hazina budi kufunza sajili ya ofisini kwa mazungumzo halisi: jinsi ya kuomba muda wa mtu, kuulizia aliye chumba cha pili, na kukataa bila kuudhi. Ikiwa kijana wa Malindi anaweza kufunzwa adabu ya Kiitaliano hatua kwa hatua, mbona ile ya Kiswahili idhaniwe kuwa kila mtu amezaliwa nayo?

Wahenga walisema heshima si utumwa. Vivyo hivyo, anayeombwa nafasi yake haulizwi kama amekombolewa.