Wakongomani huko Marekani: kazi inapatikana, lakini nani anabaki na watoto?

Kwa miaka mingi, familia za Kivu ya Kusini zilizokimbilia Nyarugusu huko Tanzania, Nakivale huko Uganda ao kambi za Burundi zimengoja jambo moja: kuitwa ili zisafiri. Kati ya Oktoba 2023 na Septemba 2024, Marekani ilipokea wakimbizi 100 000 na kidogo. Karibu 20 000 walikuwa Wakongomani, wengi kuliko watu wa inchi ingine yoyote.

Wakaaji wa Uvira, Fizi ao Bukavu wanaona picha kwenye telefone: theluji, jaketi kubwa, gari. Wanafikiri shida imeisha. Kumbe kwa wazazi wenye watoto wadogo, kuna swali linalowangojea tangu wiki za kwanza: nani atabaki na mtoto?

Siku 90

Shirika lililopokea familia liliitafutia nyumba, liliandikisha watoto kwenye masomo na kusaidia kupata karatasi. Msaada huo wa kwanza ulikuwa wa siku 90. Kisha kodi ya nyumba ilikuwa juu ya familia yenyewe. Kuna pia deni la ndege, maana tikiti ni mkopo usio na riba: familia ya watu 8 inalipa tikiti 8.

Ndiyo maana baba na mama wote wanaingia kazi haraka: kiwanda cha nyama, depo ya mizigo, usafi wa hoteli. Mara nyingi mmoja anatumika mchana, mwingine usiku. Wanapishana mlangoni.

Huku kwetu, mama akienda shamba ao soko, mtoto anabaki na tate, na jirani, ao na dada yake wa miaka 9. Kule, kumwachia mtoto mdogo mtoto mwenzake kunaweza kuleta watu wa serikali nyumbani. Kiboko nacho ni hatari: mwalimu ao daktari akiona alama mwilini, sheria inamlazimisha kutoa ripoti. Wazazi wengine wanaamua kwamba basi hawana tena neno juu ya watoto wao. Si kweli. Mamlaka ya mzazi inabaki, ila inahitaji njia ingine.

Mtoto anageuka mkalimani

Watoto wanashika Kiingereza mbele ya wazazi. Baada ya miezi michache, mtoto wa miaka 10 ndiye anasoma barua ya mwenye nyumba na kusikia siri za ugonjwa wa mama yake. Mwalimu akimlalamikia, yeye mwenyewe ndiye anatafsiri malalamiko, na anaweza kuyageuza atakavyo.

Hapo sheria iko upande wa mzazi. Masomo na hopitali zinazopata franga za serikali kuu zinapaswa kutoa mkalimani bila malipo, na hopitali haipaswi kumtumia mtoto, isipokuwa katika dharura. Mzazi ana haki ya kumwomba, hata kwa kutaja neno moja tu: «Swahili».

Tate alibaki nyuma

Tarehe 20 Januari 2025, rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Kwa mwaka ulioanza Oktoba 2025, kikomo kiliwekwa watu 7 500, na nafasi nyingi zikatengewa wazungu wa Afrika Kusini. Katika majuma yaleyale ya mwanzo wa 2025, Goma kisha Bukavu ziliingia mikononi mwa M23, na watu wengi wakavuka Ruzizi kwenda Burundi.

Familia nyingi zimekatika katikati. Sheria inamruhusu mkimbizi aliyefika kuombea mume ao mke, na watoto wasiooa walio chini ya miaka 21, ndani ya miaka 2 tangu kufika. Tate hayumo katika hesabu hiyo. Yule ambaye angelea watoto wakati wazazi wako kazini ndiye anayebaki kambini.

Kwa wanaongoja bado: kila mtoto anayezaliwa aandikishwe mara moja, na karatasi zake zichungwe. HCR haiuzi nafasi ya kusafiri. Anayeomba franga ni mwizi. Na kwa walio nyumbani, ndugu wa kule akikawia kutuma kitu, asidhaniwe mara moja kuwa ametusahau. Labda wiki hiyo mmoja wao aliacha kazi ili abaki na watoto.