Futa vumbi, usifute sauti

Somo: Yeremia 36:20–32



Mfalme Yehoyakimu alikuwa ameketi mbele ya makaa ya moto wakati gombo la Yeremia likisomwa. Kila zilipokwisha kurasa chache alizikata kwa kijembe akazitupa motoni. Alidhani amemaliza. Lakini Bwana aliagiza gombo jingine liandikwe. Baruku akayaandika upya maneno yote ya lile la kwanza, tena mengine mengi ya namna hiyo yakaongezwa.

Huku kwetu Mwaya, na kandokando yote ya Ziwa Nyasa, magombo yetu ni kaseti. Miaka ya themanini na tisini, kaseti ndiyo iliyobeba uimbaji wa Kikristo nchini. Kwaya ya Mapigano ya Ulyankulu ilivuka mikoa kwa njia hiyo. Kwaya za mitaani nazo zilijirekodi kwa redio kaseti iliyowekwa juu ya benchi, zikimwimbia Kyala kwa Kinyakyusa. Leo kaseti hizo zimelala kabatini, na hakuna haja ya mfalme wa kuzichoma. Kyela hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Unyevu huotesha ukungu kwenye utepe, na gundi inayoshikilia unga wa chuma wenye sauti hulegea.

Basi ni jambo jema vijana wanapotaka kuzihamishia kwenye kompyuta na kuzitoa upya. Swali ni hili: tuzitengeneze kwa kiasi gani?

Kuna kurekebisha kunakorudisha ukweli. Kaseti iliyorekodiwa kwa betri zilizochoka, ukiicheza kwenye mashine nzima, huenda mbio na waimbaji husikika kama watoto. Kuipunguza mwendo ni kuwarudishia wazee sauti zao. Kupunguza mvumo wa utepe nako ni kufuta vumbi tu.

Lakini kuna kurekebisha kunakozika. Tukiweka kibodi na ngoma za mashine juu, tukanyoosha kila noti, tukaondoa besi ya mzee kwa sababu ilichelewa kidogo, tutakuwa tumetoa wimbo mwingine kwa jina la marehemu. Hata mvua juu ya bati na mtoto anayelia nyuma ya soprano ni sehemu ya ibada ile. Mungu aliipokea ikiwa hivyo hivyo. Sisi tunamwonea aibu nani?

Mtu atasema, mbona Baruku aliongeza? Ndiyo, lakini aliongeza yaliyotoka kinywani mwa Yeremia mwenyewe. Hilo ndilo fundisho. Waimbaji wengine bado wako hai. Waulizwe nani alitunga, nani aliongoza, maneno gani ya Kinyakyusa vijana hawayaelewi. Nyongeza ya namna hiyo inafaa kuandikwa kwenye jalada.

Tena waulizwe kama wanaridhia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi hata baada ya kufa. Kuuza sauti ya marehemu huku mjane wake hajui lolote ni kuvuna shamba la mwingine, hata kama fedha zinakwenda kujenga kanisa.

Usharika unaweza kuanza na machache. Andikeni majina ya walioimba kabla hawajasahaulika. Kaseti ya dakika 60 ichezwe yote, saa nzima, kwa mashine iliyosafishwa. Nakala ya kwanza itunzwe bila kuguswa. Marekebisho yafanywe kwenye nakala ya pili. Kaseti yenyewe isitupwe.

Bwana Yesu alipowashibisha watu elfu tano, aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe, kisipotee kitu. Hakusema vigeuzwe mikate mipya.

Ee Bwana, utupe masikio ya kuwasikia waliotutangulia, na unyenyekevu wa kutowasahihisha kupita kiasi. Amina.