Hii "tangu zamani" ni ya lini?

Najua nimepotea, mnisamehe. Testi zilinibana, na boom nalo lilichelewa kama kawaida yake. Leo sina habari za foleni ya kafeteria wala za maji kukatika bwenini. Nina jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa, nikaona bora nilitoe hapa, halafu mnichape mkitaka.

Lilianzia darasani. Muhula huu nasoma somo la dini zilizoibuka zama hizi, na kwenye semina kundi letu tukapewa Wicca. Kwa asiyejua, ni dini iliyotokea Uingereza katikati ya karne ya 20, na wafuasi wake wanajiita Wapagani. Kwao hilo si tusi, ni jina la dini, kama mtu anavyosema mie Mlutheri. Wengi wao wanajiita hata wachawi, bila aibu yoyote. Nilipolitamka hilo neno semina nzima iliguna, na niliwaelewa, maana huku kwetu neno hilo limewaua bibi zetu wengi Usukumani kwa kosa la kuwa na macho mekundu ya moshi wa jikoni. Wale wa Uingereza ni jambo lingine. Wanakutana vikundi vidogo vidogo, wanaadhimisha mwezi mpevu na majira ya mwaka, na wanaabudu Mungu wa kike pamoja na wa kiume. Kikundi kinaongozwa na kuhani mkuu wa kike.

Hapo nikapiga makofi moyoni. Nikasema hawa wamemaliza! Sisi bado tunagombana nani asimame madhabahuni, wenzetu mwanamke ndiye mwenye madhabahu.

Nikaendelea kusoma. Kha!

Mzee aliyeitangaza dini hiyo ni Gerald Gardner, mzaliwa wa 1884, aliyefanya kazi ya forodha Malaya enzi za ukoloni kisha akastaafu na kurudi kwao. Sheria ya zamani ya kupinga uchawi ilipofutwa Uingereza mwaka 1951 akapata nafasi ya kusema hadharani, na 1954 akatoa kitabu chake, Witchcraft Today. Mwaka 1953 alimwingiza kundini dada mmoja, Doreen Valiente, mzaliwa wa 1922. Huyu dada alikuwa na kalamu, jamani. Aliona kuwa maneno mengi ya ibada walizokuwa wakitumia yamechukuliwa kwa Aleister Crowley, mtu aliyekuwa na sifa mbaya nchini, akamwambia mzee wazi wazi. Mzee akampa kazi ya kurekebisha. Akaandika upya, na sehemu kubwa ya maneno yanayosomwa kwenye ibada hizo mpaka leo ni ya mkono wake. Yeye ndiye alikuwa kuhani mkuu.

Ikafika 1957. Gardner alikuwa anapenda sana waandishi wa habari, na wenzake wakaanza kuogopa, kwa sababu siku zile mtu akijulikana yumo kwenye dini hiyo kazi inaweza kuota mbawa. Valiente na baadhi ya wenzake wakaandika mapendekezo ya kanuni, ili kiongozi asijisemee tu magazetini. Gardner akajibu hakuna haja ya kanuni mpya, sheria zipo tayari, tena za kale. Akatoa karatasi. Kiingereza chake cha kizee kizee, unasoma unasikia vumbi. Na ndani yake mlikuwa na sharti kwamba kuhani mkuu wa kike, ujana ukimtoka, ajiondoe kwa upole ampishe mwanamke mdogo zaidi.

Piga hesabu. Mwaka ule Valiente ana miaka 35. Gardner anagonga 73.

Valiente akauliza swali moja la maana: kama hizi sheria ni za kale, mbona miaka yote hii hatujawahi kuziona? Akaona wazi zimetungwa juzi juzi kumnyamazisha. Akaondoka, na wenzake wakaondoka naye. Habari hii aliieleza mwenyewe kwenye kitabu chake, The Rebirth of Witchcraft, cha mwaka 1989. Alifariki 1999, na 2013 nyumba aliyokuwa akiishi Brighton iliwekewa kibao cha kumbukumbu.

Nililoliona ni hili. Dini ile ilikuwa inamwabudu Mungu wa kike, na kuhani wake mkuu ni mwanamke. Sifa zote alikuwa nazo. Alipotaka kushika kalamu ya kanuni ndipo ikatolewa karatasi ya "tangu zamani". Kumsifu mwanamke ni kitu kimoja, kumwachia aamue ni kitu kingine, na unaweza kufanya cha kwanza miaka kumi mfululizo bila kukigusa cha pili.

Sasa kwa nini hili linikae kooni mie, mtu wa Kibaigwa?

Kwa sababu mie ni katibu wa umoja wetu mmoja wa maombi hapa chuoni. Wengi mnaujua, siutaji. Mnamjua pia dada ninayetaka kumsema, naye simtaji. Miaka miwili yeye ndiye anayeamsha watu maombi ya alfajiri. Ndiye anayejua nani amelazwa na nani hajala tangu jana. Ndiye aliyetafuta basi la kwenda kambi pale mwenyekiti alipozima simu. Na kila mahafali tunasimama kumsifu, dada zetu ni nguzo, dada zetu ni mama wa umoja. Anapigiwa vigelegele, anapewa kanga.

Mwezi uliopita akapendekezwa agombee uenyekiti. Katiba yetu inasema mgombea awe mwanachama hai aliyemaliza mwaka wa kwanza. Basi. Haisemi suruali wala sketi. Siku hiyo hiyo wazee, yaani wenyeviti waliopita, wakaniita pembeni. Mmoja akaniambia, "Katibu, utaratibu wetu tangu zamani mwenyekiti ni kaka. Ni vile tu haukuandikwa. Uandike."

Nikauandika. Jumanne, saa tatu usiku, kwenye kompyuta ya kuazima, nikachapa kichwa cha habari "Utaratibu wa Umoja Tangu Kuasisiwa". Nilitafuta hadi maneno ya Kiswahili cha wazee ili unoge. Nikagonga mhuri. Ijumaa ukasomwa mbele ya kikao. Dada alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa kaka katibu, nimesikia." Akakaa. Kikao kilipoisha akaenda kuosha vikombe vya chai na wenzake kama kila Ijumaa. Mie nikabeba faili langu nikapita.

Kwa hiyo nilipofika kwenye karatasi ya Gardner sikuwa nasoma tena habari za Waingereza. Nilijua karatasi ya namna ile inavyochapwa. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mie nilikuwa kwenye kiwanda.

Najua kuna wapendwa watakaonijia na Biblia. Njooni, tena karibuni sana. 1 Wakorintho 14 ipo, na Warumi 16 ipo pia, Paulo anamtambulisha Fibi wa Kenkrea kwa heshima zote. Rafiki zangu Waislamu nao wana mijadala yao, na wanamjua Bi Aisha aliyepokewa kwake hadithi zaidi ya 2,000. Andiko hata mkibishana usiku kucha liko wazi, kila mtu anaweza kulifungua akasoma mwenyewe. Ila wazee wetu usiku ule hawakutaja andiko hata moja. Walitaja "tangu zamani" tu, na hiyo huwezi kuifungua, maana anayo mtu mmoja mfukoni.

Halafu hizo zamani zenyewe zinahama. KKKT ilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kanisa la England liliwapa wanawake ukasisi 1994. Kenya, 2021, Rose Okeno akawa askofu wa Butere katika Kanisa la Anglikana. Kabla ya hapo wapo walioapa kuwa haijawahi kuwa na haitakuwa. Leo kuna mtoto amebatizwa na mchungaji mama, akafundishwa kipaimara na mchungaji mama, na kwake yeye hiyo ndiyo tangu zamani.

Sisemi kila desturi ni uongo. Nasema ikitolewa desturi siku ile ile mwanamke aliponyoosha mkono, ulizeni tarehe. Ya kwetu ninayo, ni Jumanne, saa tatu usiku.

Uchaguzi ni wiki mbili zijazo. Nimeandikia kamati barua kuifuta ile karatasi, na nimeeleza nani aliichapa na lini. Ukatibu wakiuchukua wauchukue. Wanachama, njooni kikaoni. Sisemi mmpigie kura kwa sababu ni mwanamke. Nasema jina lake liwepo kwenye karatasi ya kura, halafu mpime kazi yake na kazi ya wenzake.

Juzi nilimfuata nikamwomba radhi, pale nje ya maktaba. Akaniangalia kidogo, akasema, "Nimekusamehe, kaka. Lakini mbona ile karatasi ilisomwa mbele ya watu, na radhi unaniomba tukiwa wawili?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nimeandika hapa.

Naomba kutoa hoja.