Gesi Ndiyo Shahidi wa Mlipuko

Hudhaniwa mara nyingi kwamba mlipuko wa miale ya gama ni habari ya nyota peke yake: nyota kubwa huporomoka kitovuni, miale mikali hutoka kwa sekunde au dakika chache, na mambo yakaishia hapo. Dhana hiyo ina upungufu. Mengi yanayofahamika leo juu ya milipuko hiyo yametokana na gesi iliyoizunguka nyota kabla ya kufa kwake.

Mlipuko hutupa maada kwa kasi inayokaribia ile ya nuru. Maada hiyo huizoa gesi iliyomo njiani, na kadiri inavyozoa ndivyo inavyopungua mwendo. Wavuvi wa Ujiji wanalijua jambo hilo, kwani wavu unaokokotwa huzidi kulemea kadiri unavyojaa dagaa. Penye gesi nyingi, mabaki ya mlipuko hupunguza mwendo mapema. Penye gesi haba, husafiri mbali zaidi. Elektroni zinazosukumwa humo hutoa eksirei, nuru na mawimbi ya redio, ambavyo hufifia polepole. Kwa kuupima ufifiaji huo, wataalamu hukadiria wingi wa gesi iliyokuwapo.

Mwanga huo wa baadaye ulinaswa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa tarehe 28 Februari 1997, na setilaiti ya Italia na Uholanzi iitwayo BeppoSAX. Habari zake zilipokelewa katika kituo cha Malindi, Kenya. Setilaiti hiyo ilizunguka karibu na ikweta, ikitoka magharibi kwenda mashariki. Kwa hiyo ilikatiza anga ya Kigoma dakika tatu hivi kabla ya kufika Malindi.

Wako watakaosema kwamba shule yenye maabara duni haina nafasi ya mambo kama haya. Hoja hiyo haina nguvu. Somo hili halihitaji darubini. Lahitaji kanuni ya momenta, karatasi ya grafu na mfano wa wavu. Mwanafunzi anayekariri tu kwamba nyota hulipuka amepata neno. Anayeuliza mlipuko ulikutana na nini njiani ameanza kuwa mwanasayansi, na ni wajibu wa mwalimu kumfikisha hapo.