Shosti, Maka Peni za Nini Kwenye Ubao Mweusi?

Mimi nimerudi juzi kutoka Mbinga, viatu bado vina udongo, na leo sina stori ya mapenzi wala ya disko. Nina stori ya boksi.

Iko hivi. Shosti wangu mmoja yuko Uingereza, kule wanakoita kubeba maboksi. Akachangisha wenzake kazini vifaa vya shule kwa ajili ya watoto wa nyumbani, akavifunga, akavituma. Mzigo ukafika Dar, mimi nikapewa kazi ya kuupeleka Mapera, kwao. Siku nzima kwenye basi mpaka Songea, kesho yake Mbinga, halafu bodaboda. Boksi nimelikumbatia kama mchumba, mvua ya Januari inatutandika, huku na huku miteremko imejaa yale mashimo ya ngoro ambayo Wamatengo wanalimia ili udongo usichukuliwe na maji. Raha ya macho, adhabu ya kiuno!

Tukafika shuleni. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole, akatupokea: "Karibu sana mgeni wetu, pole na safari." Walimu wakakusanyika, boksi likafunguliwa.

Ee bwana wee! Zikatoka maka peni za ubao mweupe, pakiti kwa pakiti. Yakatoka mafaili ya plastiki, kalkuleta, stika za nyota na za wanyama. Penseli zilikuwepo, tena bomba, na vichongeo. Daftari? Hata moja! Mwalimu akaokota maka peni, akaigeuza, akautazama ubao wake mweusi ukutani. "Tunashukuru sana," akasema. "Tutaitafutia kazi." Nilitamani sakafu inimeze.

Lakini kilichonimaliza ni dogo mmoja wa darasa la nne. Begi lake ni mfuko wa mbolea ulioshonwa kamba, na humo akatoa daftari fupi, nikadhani ni la kuandikia madeni ya dukani. Kumbe ni daftari zima lililokatwa kwa wembe katikati, kila nusu ikabaki na pini moja.

"Nusu nyingine anayo nani?"

"Mdogo wangu, shikamoo. Yuko la pili."

(Shikamoo ilichelewa, nilimsamehe.) Mbele ameandika Kiswahili, nyuma Hisabati, na yalikuwa yamebaki makaratasi machache tu masomo hayo yakutane. Mwalimu akaninong'oneza kwamba huyo ana nafuu. Wapo ambao wiki za kwanza za Januari hawaonekani kabisa, wanaona aibu kuja mikono mitupu.

Najua utauliza, si elimu ni bure? Ni kweli. Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 ikafutwa mpaka kidato cha nne. Ila sare, madaftari na kalamu vilibaki kwa mzazi. Sisi wa mjini tunaona daftari ni chenji ya soda. Kwa mwenye watoto watano shuleni, kila mmoja na masomo yake, hesabu inakuwa nyingine.

Na usiseme hawa watu ni wavivu, utanikera. Mbinga ni kahawa. Inachumwa kuanzia katikati ya mwaka, inapelekwa AMCOS, inakwenda mnadani, hela inarudi, inalipa madeni, inanunua mbolea, inaezeka nyumba. Shule inafunguliwa Januari, mvua inanyesha, shamba linataka palizi, mfuko hauna kitu. Laiti shule ingefunguliwa wakati wa mauzo ya kahawa, yule dogo angekuwa na daftari zima! Ukishuka ziwani, siku hizi lami inafika hadi Mbamba Bay, hesabu ni ya usipa na mihogo, ila Januari ni ileile.

Nikarudi Mbinga mjini na hela niliyokuwa nimeitunza kwa ajili ya viatu fulani vya Kariakoo (acha tu). Nikaingia duka la vifaa vya shule, nikanunua katoni mbili za madaftari na boksi la chaki, nikampa bodaboda yuleyule. Risiti nikamtumia mwalimu, aisomee kamati ya shule.

Usiku nikampigia shosti. Nilijua atanuna, na kweli alinuna. "Yaani mimi nimelipia usafiri kuliko hata vitu vyenyewe, halafu unaniambia havifai?" Nikamwambia penseli zimependwa, zimeisha siku hiyohiyo. Akauliza picha ziko wapi, wenzake kazini wanazisubiri. Nikamwambia sikupiga, yule dogo na nusu daftari lake sikuona kwa nini aonekane na watu wa Uingereza. Kimya. Nikadhani vocha imeisha.

"Kwa hiyo mwakani nitume hela?"

"Tuma Desemba, kwa simu. Ila kwanza mpigie mwalimu, akuambie wangapi hawana."

Kimya tena.

"Madaftari gani, madogo au kaunta buku?"

"La nne hawatumii kaunta buku, shosti. Madogo."

Nikamsomea namba ya mwalimu mkuu, nikasikia anatafuta kalamu.

Haya, tukutane wiki ijayo. Za mapenzi zipo, msihofu.